Safari ya Houston: Mashauri kwa Vijana Waendao Kushindana kwa Roboti, na kwa Wazee Wao

Ndugu msomaji, huenda siku moja mtoto wako atarudi kutoka shule na barua mkononi akakuambia, "Baba, timu yetu imechaguliwa kwenda Marekani pamoja na roboti yetu." Usicheke, wala usidhani kwamba ni mchezo wa watoto tu. Siku hizi ziko shule katika nchi zetu zinazofundisha vijana kuunda mashine hizo, na Afrika ya Mashariki imekwisha kupeleka vijana wake katika mashindano ya dunia. Basi yafaa wazee wajue mapema jambo lenyewe ni nini, mahali penyewe pakoje, na mtoto afungiwe nini katika sanduku lake. Safari isiyotayarishwa hula fedha nyingi, na fedha hizo mara nyingi ni za mchango wa kijiji kizima.

Roboti ni mashine yenye mota, betri, na kompyuta ndogo ndani yake. Vijana huandika maagizo, kompyuta huyashika, na mashine huyatenda: huenda mbele, hugeuka, huokota mpira, huuweka mahali palipotakiwa. Mwaka 1989 mvumbuzi mmoja wa Marekani, Bwana Dean Kamen, alianzisha chama kiitwacho FIRST ili vijana wapende ufundi na elimu ya sayansi kama wanavyopenda kandanda. Mashindano yake ya kwanza yalifanywa mwaka 1992 katika ukumbi wa shule, mjini Manchester, jimbo la New Hampshire, na timu zilikuwa 28 tu. Leo fainali zake hukusanya makumi ya maelfu ya watu. Tangu mwaka 2017 mji wa Houston umekuwa ukizipokea. Miaka mitatu ya kwanza uligawana kazi hiyo na mji mwingine. Mwaka 2020 na 2021 watu hawakukutana kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Na toka mwaka 2022 fainali zote zimefanyika Houston peke yake, mwezi wa Aprili.

MJI WENYEWE

Houston uko katika jimbo la Texas, kusini mwa Marekani, katika nchi tambarare isiyo mbali na bahari. Ulianzishwa mwaka 1836, na sasa ni mji wa nne kwa ukubwa katika Marekani yote, wenye watu zaidi ya milioni 2. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa hatashangazwa na hali yake ya hewa: mwezi wa Aprili kuna joto na unyevu, tena mvua kubwa yaweza kunyesha ghafula. Litakalomshangaza ni baridi ya ndani. Wenyeji hutia mitambo ya kupoza hewa katika kila jumba, hata mgeni hutetemeka kana kwamba yuko Njombe. Kwa hiyo, mama, mtilie mtoto sweta katika sanduku, ijapokuwa watu watakuambia kwamba Texas ni nchi ya joto.

Mashindano hufanyika katika jumba kubwa liitwalo George R. Brown, lililofunguliwa mwaka 1987. Ukilitazama kwa mbele, lafanana na meli kubwa, lenye mabomba ya rangi nyekundu na ya samawati. Mbele yake kuna bustani iitwayo Discovery Green, yenye majani na ziwa dogo, na hapo vijana hupumzika na kula. Ukiingia jumbani, kumbuka jambo hili: mwezi wa Agosti 2017, mji ulipofunikwa na mafuriko ya tufani ya Harvey, watu wapatao 10,000 waliopoteza makao yao walikimbilia humo humo wakalala sakafuni. Kabla mwaka haujatimia, vijana wa nchi nyingi walikuwa wakiendesha roboti zao mahali pale pale.

Tena, ukivuka njia, angalia sana! Huko Marekani magari hupita upande wa kulia. Mtoto wa Tanzania, Kenya au Uganda amezoea kutazama kulia kwanza. Huko hatari ya kwanza hutoka kushoto. Mwalimu na awazoeze vijana jambo hili tangu nyumbani, kwani aliyezoea hasahau upesi, na gari halingoji mgeni ajifunze.

KABLA YA KUONDOKA

Neno la kwanza ni vyeti. Msichangishe hata senti moja ya nauli kabla hamjauliza ubalozi wa Marekani kama raia wa nchi yenu huruhusiwa kuomba viza ya safari kama hiyo, na kwa masharti gani. Sheria zimekazwa sana siku za karibuni. Mwaka 2025 raia wa nchi kadhaa za Afrika, Burundi ikiwa mojawapo, waliwekewa vizuizi vipya, na orodha ya nchi hizo imebadilika zaidi ya mara moja. Ombi lenyewe huanza kwa kujaza fomu katika intaneti, kisha mwombaji huitwa ubalozini kuulizwa maswali. Ada iliyopandishwa mwaka 2023 ni dola 185 kwa mtu mmoja, na hairudishwi ukinyimwa. Basi timu ya watu 8 yaweza kupoteza karibu dola 1,500 kabla haijaona hata uwanja wa ndege. Heri kuuliza mapema kuliko kulia baadaye.

Kijana akiulizwa ubalozini, na ajibu yeye mwenyewe kwa kweli na kwa maneno machache: aenda wapi, na nani, kwa siku ngapi, nani alipa, na atarudi shule gani. Achukue barua ya mwaliko na barua ya mkuu wa shule. Aliye chini ya miaka 18 na awe na barua ya ruhusa yenye sahihi ya wazazi wote wawili, au ya mlezi. Hati za kuzaliwa zinazotofautiana majina zitengenezwe mapema, kwani mtoto aitwaye Josefu katika cheti kimoja na Yusufu katika cheti kingine atapata taabu.

Wala msikate tamaa upesi. Mwaka 2017 wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili walipotaka kwenda mashindano mengine ya roboti, yaitwayo FIRST Global, mjini Washington. Habari zao zikaenea duniani, wakaruhusiwa mwishoni, wakafika, wakarudi na medali ya fedha waliyopewa kwa ushujaa wao.

Neno la pili ni bima ya ugonjwa. Kutibiwa Marekani ni ghali mno. Mkono uliovunjika waweza kuwaachia wazazi deni la miaka. Nunueni bima ya safari kwa kila mtoto, na karatasi yake ikae kwa mwalimu, na nakala yake kwa mtoto.

MIZIGO NA ROBOTI

Kwa kawaida ndege nyingi huruhusu sanduku la kilo 23. Pimeni kwa mizani nyumbani, hata kama ni mizani ya kupimia pamba, maana kilo zikizidi mtalipishwa uwanjani. Roboti ndogo hufunguliwa vipande ikafungwa katika sanduku gumu pamoja na nguo, nguo zikiwa mto wake. Kabla ya kuifungua, pigeni picha kila upande, na kila waya utiwe alama ya namba. Watoto wengi hufungua mashine kwa dakika 20, kisha huhangaika nusu siku kuiunga tena kwa sababu hakuna akumbukaye waya upi uliingia wapi.

Betri za akiba za lithiamu hazikubaliwi katika sanduku liendalo chini ya ndege. Ni lazima zichukuliwe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa utepe zisigusane zikawaka moto. Kinyume chake, bisibisi na spana zinazozidi sentimeta 18 haziruhusiwi mkononi katika ndege za Marekani. Hizo zitiwe sandukuni. Mtoto akizikosea mbili hizi, ataona spana yake nzuri ikitupwa mbele ya macho yake.

Umeme wa kwetu ni volti 230 au 240, wa kwao ni volti 120. Tazameni maandishi madogo nyuma ya chaja: yakisema 100-240, yafaa kote; yakisema 230 peke yake, haitafaa huko. Hata matundu ya ukutani hayafanani na yetu, kwa kuwa plagi yao ina meno mawili bapa. Chukueni viunganishi viwili au vitatu, kwani kimoja hupotea.

Jambo jingine linalosahauliwa ni skrubu. Wamarekani wengi hupima kwa inchi, na skrubu ya milimita haishiki katika nati ya inchi. Ikiwa roboti yenu ni ya milimita, chukueni skrubu na nati za akiba za kutosha, pamoja na waya, utepe, mota moja zaidi, na nakala ya maagizo ya kompyuta katika kifaa kingine cha kuhifadhia. Wahenga walisema, akiba haiozi. Programu zote zipakuliwe nyumbani, maana katika jumba la mashindano timu hairuhusiwi kuanzisha mtandao wake wa hewani. Huvuruga mawasiliano ya roboti zilizo uwanjani.

Safari ya ndege hadi Houston huchukua kama mchana na usiku mzima, na mtabadili ndege njiani. Uwanja wa kwanza wa Marekani mtakaotua, ndipo mtakapokaguliwa paspoti, na kwa kawaida ndipo mtakapochukua masanduku yenu na kuyakabidhi tena, hata kama Houston bado iko mbele. Basi mwalimu asikate tiketi ambayo yaacha saa moja tu kati ya ndege na ndege.

SIKU ZA MASHINDANO

Kuna madaraja matatu. Wadogo hutumia roboti za LEGO juu ya meza, na mchezo wao ni wa dakika 2 na nusu. Daraja la katikati ni la vijana wa miaka 12 hadi 18: roboti yao ikianza mchezo haina ruhusa ya kuzidi inchi 18 kila upande, yaani kama sentimeta 46. Sekunde 30 za kwanza hujiendesha yenyewe, na dakika 2 zinazofuata huendeshwa na vijana. Daraja la wakubwa lina mashine nzito za kilo 50 na zaidi, na timu tatu hushindana na timu tatu. Daraja hili hugawanywa katika makundi manane yenye majina ya wataalamu. Kundi moja laitwa Johnson, kwa heshima ya Mama Katherine Johnson, Mmarekani mweusi aliyepiga hesabu za safari za angani. Jingine laitwa Daly, kwa heshima ya Mama Marie Daly, mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kupata shahada ya udaktari wa kemia, mwaka 1947. Binti yako akiyaona majina hayo juu ya uwanja, mwambie aulize habari zao.

Kila timu hupewa kibanda chake kidogo cha kutengenezea roboti. Hapo hakuna anayeingia bila miwani ya kukinga macho, wala kwa viatu vya wazi. Kandambili ziachwe hotelini. Anayevaa miwani ya kusomea na avae ya kukinga juu yake. Roboti hukaguliwa kwanza: ukubwa, waya, betri, ncha kali. Nendeni kukaguliwa siku ile ile mnayofika. Wanaochelewa hukutana na msururu mrefu, na huenda wakakosa mchezo wao wa kwanza.

Waamuzi huja kibandani kuuliza maswali, nao huwauliza vijana, si mwalimu. Kila mtoto na aweze kueleza sehemu yake: huyu mota, huyu maagizo ya kompyuta, huyu hesabu ya fedha. Msione haya kusema kwamba mlitengeneza gurudumu kwa mbao au kwa kipande cha ndoo. Waamuzi hupenda kusikia mlikwama wapi na mkajikwamua namna gani. Kiingereza cha polepole chenye kweli ndani yake chatosha.

Chakula cha ndani ya jumba ni ghali. Nunueni mkate, matunda na siagi ya karanga dukani, na kila mtu awe na chupa yake. Maji ya bomba ya Houston hunyweka. Lakini jihadharini na bei: ile iliyoandikwa juu ya kitu siyo utakayolipa. Kodi ya asilimia 8.25 huongezwa mwishoni kwa vitu vingi, na katika mkahawa wenye watumishi, desturi ni kuwaachia asilimia 15 hadi 20 juu ya hapo. Mtoto aliyehesabu senti zake sawasawa na bei ya ukutani ataaibika mbele ya karani.

Ikibaki siku moja, nendeni Space Center Houston, mwendo wa kilometa 40 hivi kutoka katikati ya mji. Huko ndiko walikokaa wataalamu walioongoza safari ya kwanza ya watu kutua mwezini, Julai 1969. Chumba chao kimetengenezwa upya mwaka 2019 kama kilivyokuwa siku zile, na roketi kubwa ya Saturn V imelazwa humo katika jumba lake. Mtoto aliyeiona hataisahau.

ADUI WA ASUBUHI

Sasa nataka kusema neno lililo kubwa kuliko skrubu na betri. Katika mashindano haya, timu iliyo kinyume chenu asubuhi yaweza kuwa upande wenu mchana, kwani timu hupangwa pamoja, kisha kupangwa tena upya. Mwishowe timu za juu huchagua wenzao wa kuingia nao katika michezo ya mwisho. Nani atamchagua aliyemdhihaki? Usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Profesa Woodie Flowers, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha MIT na akafariki mwaka 2019, aliwafundisha vijana hawa kwamba mtu ashindane kwa nguvu zake zote, na papo hapo amheshimu na kumsaidia anayeshindana naye. Si maneno ya ukutani tu. Utasikia tangazo: timu fulani yatafuta mota ya namna fulani. Mara vijana wa timu nyingine waja mbio nayo mkononi, ijapokuwa watakutana nao uwanjani baada ya saa moja. Basi, ikiwa roboti yenu imevunjika, msijifiche kwa haya; nendeni mkaombe. Na mkiombwa, toeni. Chukueni pia vitu vidogo vya kuwapa wageni, kama vile beji za timu, shanga au vikapu vidogo, kwani ni desturi yao kubadilishana.

KWA BABA NA MAMA

Mwaka ule ule wa 2017, baada ya mashindano ya Washington, vijana sita wa Burundi, wenye umri wa miaka 16 hadi 18, walitoweka. Polisi walisema wawili wao walionekana wakivuka mpaka kwenda Kanada. Sisi si mahakimu wao. Nchi yao ilikuwa na taabu, na kila mtoto ana moyo wake. Lakini wazia usiku ule wa mwalimu aliyekwenda na watoto sita, akabaki kuhesabu vitanda vitupu.

Kwa hiyo, mzazi, zungumza na mwanao kabla hajapanda ndege, nyumbani, jioni, bila ukali. Muulize kama kuna mtu aliyemwambia asirudi. Muulize aogopa nini hapa nyumbani, na umsikilize. Mtoto anayeweza kusema na baba yake hana haja ya kumkimbia. Mwambie pia kwamba wako vijana wengine nyuma yake wanaongoja nafasi hiyo hiyo, na mlango aliofunguliwa yeye waweza kufungwa kwao. Huko ugenini asitembee peke yake, ajue jina la hoteli kwa moyo, na ajue kwamba namba ya kuomba msaada wa hatari ni 911.

Mtakapotaka kumpigia simu, kumbukeni saa. Mwezi wa Aprili Houston iko nyuma yetu kwa saa 8. Kwao ikiwa saa sita mchana, huku Afrika ya Mashariki ni saa mbili usiku, na huo ni wakati mzuri, mko nyumbani mmekula. Mkipiga saa mbili asubuhi yenu, mtamwamsha saa sita ya usiku, na kesho yake ataendesha roboti huku amesinzia.

Na atakaporudi, usimwulize kwanza kama ameshinda. Timu nyingi zaenda, na chache tu hupanda juu. Mtoto aliyetolewa mapema hakuiba mchango wenu. Muulize amejifunza nini, na amemsaidia nani. Kisha mambo mawili yafanywe kabla mwezi haujaisha. Kwanza, mwalimu asome hesabu ya fedha mbele ya wote waliochanga, risiti kwa risiti, hadi senti ya mwisho, maana kijiji kilichosomewa hesabu kitachanga tena. Pili, roboti ile iwekwe mezani shuleni, na waliosafiri wawafundishe wadogo wao kuifungua na kuiunga. Timu ya mwaka ujao haina budi kuanzia pale walipoishia wenzao.

Haya basi, vijana, fungeni masanduku yenu, mtie na sweta. Safari njema.